Machela ya Mikanda Sita

Jumatano ile nilikuwa mahali pangu sokoni Nyamarambe, chini ya mabati ya duka la mbolea, nimefunikwa na turubai la kanisa kutoka kiunoni hadi kwenye vidole vya miguu. Lilikuwa turubai la makambi, lile tunalotundika kila mwaka waumini wakikusanyika juma zima kusikiliza neno. Upepo ulikuwa umelichana ukingoni, na mzee wa kanisa akaniletea nilitie viraka vya ngozi kwenye pembe. Kaka yangu Ombati alikaa upande wa pili akinishikia, huku akitafuna muwa.

"Kerubo, unashona ama unasoma gazeti?" akaniuliza. "Unaangalia hapo tangu nianze huu muwa."

"Hebu ona walivyokunja hapa. Wamekunja mara tatu."

"Mimi naona mvua. Inakuja na wewe unahesabu mikunjo ya watu."

Ugonjwa wangu ulijulikana soko zima. Kila kiatu nilicholetewa nilikifungua kupita kiasi, nione fundi aliyenitangulia alifikiria nini. Mkoba wa shule, mpira, hatamu ya punda, hema la vijana wa kanisa, vyote nilivichungulia matumbo. Wateja walilalamika: "Mama, nilikuletea soli tu, mbona umefika kwenye vidole?" Tata, yaani baba yangu, ndiye aliyenifundisha kazi, na yeye alisema nilizaliwa na macho mengine kwenye ncha za vidole. Alisema hivyo akicheka, lakini viatu vyake mwenyewe alinificha.

Vyombo vyangu vyote vilienea kwenye kikopo cha kakao. Msharasi wa kutobolea ngozi, sindano mbili butu, donge la nta, kisu, na uma wa kulia chakula ambao niliukandamiza kwenye ngozi ili meno yake yanipimie nafasi za matundu. Uzi niliuchomoa kwenye matairi yaliyochakaa. Uzi mmoja, sindano kila mwisho, na zote mbili zinapita tundu lile lile, moja ikitoka kushoto na nyingine kulia, kisha unavuta. Cherehani haishoni hivyo. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja, safu yote inafumuka. Huu wa sindano mbili, ukikatika mmoja, majirani zake wanabaki wameshika. Nimeyaeleza haya mapema kwa sababu kwa miaka mingi nilitembea na swali moja tu kifuani: je, ni mshono wangu uliomuua Ombati?

Kabla mvua haijatufikia siku hiyo nilimkabidhi ala mpya ya kisu chake kidogo, kile cha kukatia miwa. Aliivaa mkandani, akazunguka mbele yangu kama bwana harusi. "Sasa nimekuwa mtu," akasema. Tulikunja turubai na kukimbilia ndani ya duka.

Sijui nani alianzisha mapigano yaliyozuka juma lililofuata kati yetu na majirani wa ng'ambo. Nimeuliza pande zote mbili, maana mimi siwezi kuacha kuuliza, na kila upande una ng'ombe wake aliyeibiwa kwanza. Ninachojua ni kwamba ngozi zangu zote zilitoka ng'ambo ya mto, kwa mzee mmoja aliyeziloweka kwa magome ya miti hadi zikawa na rangi ya chai. Kila Jumatatu alikuja nazo begani, tukanywa uji, tukatukanana kuhusu bei. Jumatatu iliyofuata hakuja. Kufikia Jumanne nyumba za bondeni zilikuwa zikitoa moshi, na barabara ya kwenda kwenye lami ilikuwa imezibwa kwa mawe na miti.

Vijana wa kwetu waliniletea podo zao za mishale nizitie mikanda. Nilizitia. Mimi ninayeuliza kila kitu sikumuuliza hata mmoja mshale wake unakwenda wapi. Nina hakika ng'ambo kule kulikuwa na fundi mwenzangu aliyekuwa akifanya kazi hiyo hiyo, na huenda alikuwa mzee wangu wa ngozi.

Watu wa bondeni walihamia kanisani kwetu, juu kilimani. Nami nilihamia huko na kikopo changu, turubai, na beseni lenye kipande cha mwisho cha ngozi, ambacho nilikuwa ninakiloweka. Mke wa Ombati, Bosibori, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mama yake mzazi, mgonjwa wa miguu, alikuwa bado kule chini.

Jumamosi asubuhi Ombati alishuka kumchukua.

Alimleta. Alimbeba mgongoni hadi kwenye ua la kanisa, akamkalisha, kisha yeye mwenyewe akakaa. Hapo ndipo tulipouona mti wa mshale ukitokeza chini ya nyonga yake, umevunjika katikati.

"Wamenipata pale kwa mgunga," akasema. Alisema kama mtu anayeeleza mahali aliposahau jembe.

Gari la wagonjwa lingeweza kufika kwenye lami tu, si zaidi. Kutoka kanisani hadi lami, kwa njia ya juu ya kilima na kupita mashamba ya miwa, ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima asiye na mzigo. Makori, jirani yetu wa karibu, alisema watu wanne wakipata machela watafika. Kisha wote wakanigeukia.

Nilikata turubai la makambi bila kumwomba mzee wa kanisa ruhusa. Miti miwili ya mkaratusi tuliipata kwenye boma la ng'ombe. Kitambaa hakikutosha kuizungushia, kwa hiyo niliamua kukining'iniza kwa mikanda ya ngozi, mitatu kila upande: kichwani, kiunoni, miguuni. Ngozi ilikuwa ile ya kwenye beseni. Mtu yeyote wa kazi hii anajua ngozi iliyolowa inatoboka kwa urahisi lakini matundu yake yanavutika na kupanuka. Unatakiwa uiache ikauke nusu ndipo ushone, na kwetu, kwa mvua ya kila alasiri, hiyo ni kazi ya siku tatu. Mimi nilikuwa na saa moja.

Ndani walikuwa wanaimba. Mama mmoja wa kanisa akatoka, akasimama juu yangu.

"Kerubo, leo ni Sabato."

"Naijua."

Hakuondoka. Nilishona huku kivuli chake kikiwa mikononi mwangu. Mishono kumi na minne kwa kila mkanda, mara sita. Ombati alilala kwenye nyasi kando yangu akinitazama. Maisha yake yote hakuwahi kushona hata kifungo, lakini kwa kunishikia upande wa pili alijua kazi kuliko mafundi wengine.

"Usivute sana," akaniambia. "Ngozi bado ni maji."

"Nyamaza, mgonjwa."

"Itanibeba hii?"

"Itakubeba wewe na ndama wa Makori juu yako."

Alicheka, kisha akashika nyonga yake na kuacha kucheka. Wakamlaza. Wanne wakaingiza mabega chini ya miti, Makori mbele upande wa kulia. Niliambiwa nibaki na Bosibori. Nilibaki.

Walipotea nyuma ya migomba.

Baada ya muda tukasikia filimbi kutoka upande wa miwa.

Kisha kelele.

Kisha hakuna. Bosibori alishika mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa bado unanuka nta.

Alasiri walirudi, wanne wote, na machela. Upande wa kulia walikuwa wamefunga kwa kamba ya mgomba. Sikuhitaji kuangalia uso wa Ombati, kwa sababu Makori alikuwa ameshaufunika kwa koti lake.

"Mikanda miwili ya kulia iliachia," Makori akasema. Hakuniangalia. "Pale mteremkoni. Akaanguka, na wale walikuwa karibu nyuma yetu. Tukajificha kwenye miwa. Tuliporudi alikuwa ameshaenda."

Nilipewa vitu vyake. Kofia, Biblia ndogo, mkanda wa suruali ukiwa na ile ala niliyomshonea. Ala ilikuwa tupu.

"Kisu chake?" nikauliza.

"Kilipotea kwenye miwa, dada."

Hilo ndilo lililokuwa swali langu la mwisho kwa muda mrefu sana. Tulimzika nyumbani kwake, kwaya aliyoiongoza ikamwimbia nyimbo zote alizozipenda, wazee wakasema maneno mazuri juu ya mtu aliyefia mama mkwe wake. Nikiwa nimesimama kando ya udongo nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu ikinong'ona: "Kitu kimeshonwa Sabato, ulitaka kishike?" Sikugeuka. Niliona kwamba amesema kweli, na kama si Sabato basi ni beseni. Machela ilikunjwa ikawekwa darini kwa Bosibori. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kulikuwa na kitu ambacho sikutaka kukifungua.

Amani ilirudi taratibu, kwanza kwa askari, halafu kwa mikutano, halafu kwa kuchoka. Soko likafunguliwa. Mimi sikurudi chini ya yale mabati. Niliolewa karibu na Itumbe, nikawa mchumaji wa majani chai kama kila mtu huko, na kikopo cha kakao nikakifukia nyuma ya magunia. Wenzangu wa kituo cha kupimia majani walikuwa na vikapu vilivyokatika mikanda, buti zilizofunguka midomo, aproni zilizochanika. Waliposikia kwamba niliwahi kuwa fundi waliniomba. Niliwajibu kwamba macho yameharibika. Uongo mtupu, macho yangu yanaona mdudu kwenye jani la tatu.

Ila ugonjwa hauponi hivyo. Nikiwa katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, vidole vikichuma vyenyewe, akili yangu ilirudi pale pale na kuanza kupekua. Mikanda sita. Ngozi moja, beseni moja, mkono mmoja, saa moja. Mbona minne ilishika na miwili ikaachia? Na mshono wa sindano mbili unaachiaje wote kwa pamoja, tena mara mbili, tena upande mmoja? Nilifika hapo, kisha nikajikemea: wewe unatafuta tu mlango wa kutokea. Nikarudi kwenye majani.

Mwaka huu Bosibori alinipigia simu. Yule mtoto wa tumboni sasa ni kijana mwenye ndevu, na alikuwa anamjengea mama yake nyumba mpya, hivyo ile ya zamani ilikuwa inabomolewa.

"Wifi, ile machela iko hapa," akasema. "Nimeshindwa kuichoma. Njoo uiangalie wewe, kisha utaniambia nifanye nini."

Nilifika saa nne asubuhi. Alikuwa ameiweka kwenye nyasi, bado imekunjwa, imejaa vumbi na kinyesi cha panya. Akasema anakwenda kukoroga uji, akaniacha peke yangu nayo.

Haki ya Mungu, niliizunguka mara mbili kabla ya kuigusa. Lakini mara nilipoifungua, mikono ikawa ile ya zamani, ikaenda yenyewe. Nilianza na mikanda iliyoshika, kama mtu anayesalimia watu rahisi kwanza. Ngozi ilikuwa imekauka ngumu kama ubao. Matundu yalikuwa yamevutika, kweli, yamekuwa marefu kama punje za mpunga. Nta imekuwa nyeusi. Nilihesabu kumi na minne, kumi na minne, kumi na minne, kumi na minne.

Kisha upande wa kulia, mkanda wa kiunoni.

Kumi na minne.

Nilihesabu tena kwa kucha. Mishono yote ilikuwepo, imeshika turubai vilevile nilivyoiacha. Mkanda haukuachia kwenye mshono. Uliishia kiganja kimoja juu yake, mahali ambapo hakuna tundu wala sindano iliyopita. Nikauinua kwenye mwanga. Ngozi ikichanika kwa uzito hujivuta kwanza, inakonda, na mwisho wake unabaki na nyuzi kama ndevu za mahindi. Huu ulikuwa umenyooka. Ukingo wake ulikuwa laini, umeinama kidogo kutoka ndani kwenda nje, yaani kutoka upande wa mtu aliyelala. Na juu yake kidogo kulikuwa na mikwaruzo mitatu, mifupi, ya kisu kinachotafuta pa kuanzia.

Mkanda wa kichwani nao ulikuwa na mishono yake kumi na minne, ila haukuwa na mikwaruzo. Ulikuwa na pigo moja tu. Alikuwa ameshajifunza.

Sikumsubiri Bosibori na uji wake. Nilikatiza mashamba hadi kwa Makori, nikamkuta anamkatia ng'ombe nyasi, amezeeka, mgongo umepinda. Nilimsalimia kama inavyotakiwa na akanipa kigoda. Nikamwekea magotini kipande cha turubai nilichokuwa nimekikata, chenye ule mkanda wa kiunoni. Hakukiangalia.

"Mzee Makori. Ombati alikuwa na kisu."

Akaweka panga lake chini.

"Tulifika katikati ya mteremko," akasema. "Wale walikuwa wametuona. Tunakimbia na mtu, unajua tunakimbiaje? Akaniambia, Makori, niacheni hapa, nyinyi wanne mna watoto kumi na mmoja. Nikamwambia anyamaze. Akasema tena. Tukakataa, sisi wote. Halafu nikasikia mzigo umelegea begani. Kugeuka, ananing'inia kwa upande mmoja, anakata ule wa kichwa. Akaanguka chini mwenyewe, akasema, sasa nendeni."

"Na mkaenda."

"Tukaenda, mama. Tukaenda." Machozi yalikuwa yanashuka kwenye mikunjo ya uso wake na hakuyafuta. "Watoto wangu wote wako hai."

"Mbona ukasema mikanda iliachia?"

"Ningesema nini? Mtu amejikatia mwenyewe kamba, akabaki hapo akijua wanakuja. Wazee wangeitaje hiyo? Unajua mtu aliyejitoa uhai anavyozikwa kwetu. Hakuna kwaya. Anaingizwa haraka kama mwizi, watu wa nyumba yake hawamgusi, na mtoto aliye tumboni anazaliwa tayari ananyooshewa kidole. Nikafikiria njia yote ya kurudi. Nikaona ngozi haina ukoo, hakuna atakayeionea aibu."

"Ngozi ilikuwa na fundi!"

Nilipiga kelele hadi ng'ombe akarudi nyuma. Nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani, na mbele yangu alikaa mzee aliyelowa uso, akishika magoti yake.

"Ndiyo," akasema. "Huyo nilimkumbuka baadaye. Kila nilipotaka kuja Itumbe, niliona umeshaubeba mzigo huo, na wewe una nguvu. Nisamehe."

Sikumwambia nimemsamehe. Nilimwambia nitarudi, na kweli nimerudi mara mbili tangu hapo, na siku ya pili nilimshonea kamba ya mguu wa ndama. Tusidai zaidi ya hapo kwa sasa.

Bosibori alikuwa amekaa kwenye nyasi kando ya machela, uji umepoa. Nikafungua kinywa kumweleza, akainua mkono.

"Mimi ndiye niliyemwosha," akasema. "Kisu kilikuwa mkononi mwake, vidole vimekaza. Nilikitoa nikakizika chini ya figa."

"Ulijua, wifi? Miaka yote hii?"

"Nilikuwa na mtoto wa kulea na jina la baba yake. Sasa amekua, ameniuliza, nimemwambia. Wewe nilishindwa kukuambia kwa mdomo. Nikasema, nitampa tu aishike. Kerubo akishika kitu, hakuna kinachobaki kimefichwa."

Tulikunywa ule uji baridi. Yeye ndiye aliyeniambia niandike, mradi majina niyabadilishe, nami nimeyabadilisha. Wazee waliokuwa na ile sheria ya maziko wengi wao wamekufa, na waliobaki wanaweza kunitafuta Itumbe wakitaka ubishi. Nitawauliza, mtu aliyechomwa mshale akiokoa mama mkwe, akabaki nyuma ili wanne waishi, ni nani aliyemuua? Nina maswali mengine mengi ya kuwauliza.

Nimekichimbua kikopo changu. Msharasi ulikuwa na kutu, nimeunoa. Wachumaji wananiletea vikapu na buti siku ya Jumapili, na Jumamosi sishiki sindano, kwa sababu nimeamua mwenyewe, si kwa sababu ya kivuli cha mtu.

Nilidhani ningekuwa mwepesi. Swali langu limejibiwa: mishono themanini na minne, hakuna hata mmoja ulioachia. Tata angejivuna. Lakini kuna kitu sikukijua nilipokuwa nikiihesabu kwa kucha. Miaka ile yote ambayo kosa lilikuwa langu, Ombati alikuwa mtu aliyeanguka huku akitaka kubebwa. Aliniuliza itanibeba hii, nikamwahidi, na nilimkosea, lakini alikuwa anataka kurudi kwetu. Sasa najua ilimbeba. Ilimbeba vizuri kiasi kwamba alilazimika kujaribu mara tatu kabla ya kuikata. Nikikaa na kikapu cha mtu magotini, sindano mbili mkononi, nafika tundu la kumi na nne na kuvuta, na kila siku kuna dakika moja ambapo natamani ningekuwa fundi mbaya.